Maswali ya Wasomaji: Skrini Anaijua Vizuri Tu, Kusoma Ndo Hajui

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, programu za kujifunzia za watoto wadogo. Wengine mnazitengeneza, wengine mnazifanyia utafiti, wengine mna watoto tu na mnataka kujua kama mnapigwa. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa, ya kukaa sakafuni na watoto huku nimeshika daftari, kwahiyo nitajibu ninavyojua. Barua ndefu nimezifupisha, msininunie.

*

Habari za kazi kaka. Mimi na mwenzangu tumetengeneza apu ya kufundisha kusoma kwa watoto wa miaka 4 mpaka 6. Inaonyesha picha tatu, sauti inasema mfano "gusa inayoanza na ba", mtoto anagusa, akipata anapigiwa makofi. Watoto wanaipenda balaa, ukimnyang'anya tableti analia. Sasa mwezi umeisha tumewawekea silabi zilezile kwenye karatasi wanatutolea macho tu, wakati kwenye data zetu wamepata karibu asilimia mia. Tumekosea wapi?
– Developa wawili, tumechoka

Poleni jamani, ila kusema ukweli hiyo asilimia mia inanitisha kuliko hao watoto wenyewe. Hebu niambieni, mtoto akikosea apu inamwachia ajaribu tena palepale? Na mkihesabu, mnahesabu maswali aliyomaliza au maswali aliyopata kwa mguso wa kwanza? Manake kama picha ni tatu na hazihami, mtoto hana haja ya kusikiliza chochote, anagusa ya kushoto, ikigoma anagusa ya kati, ikigoma imebaki moja, ameshinda, makofi, twende swali lingine. Anaweza kuzimaliza silabi zote bila kusikia hata moja. Na hafanyi hivyo kwa ubaya, ameona njia ya mkato kaipita, hata mimi na wewe tungepita. Wakubwa nao wanafanya, Ryan Baker na wenzake mwaka 2004 waliwachunguza wanafunzi wa miaka 12 mpaka 14 waliokuwa wanajifunza hesabu kwenye kompyuta, wakakuta wale wanaoihadaa programu, yaani anabofya bofya mpaka jibu moja likubali au anaomba msaada mfululizo mpaka programu imtajie jibu lenyewe, wanajifunza kidogo kuliko wenzao.

Cha kufanya kwanza ni kuhesabu mguso wa kwanza tu. Na mkumbuke kwamba picha zikiwa tatu hata anayegusa akiwa amefumba macho atapata moja kati ya tatu, kwahiyo mtoto mwenye asilimia 33 hajui kitu, msimwandikie "anaendelea vizuri". Halafu akikosea msimwachie aendelee kupapasa, sauti irudie, picha zibadilishane nafasi, na swali lilelile lije tena baada ya mengine mawili matatu. Fungueni data zenu mwangalie na muda, mtoto aliyegusa kabla sauti haijamaliza kusema "ba" huyo hajajibu, huyo anapiga bahati nasibu.

La pili ni kelele za furaha. Mi mwenyewe nishaumbuka hapa. Tulikuwa na gemu ya kuhesabu, chura anavuka bwawa kwa kuruka majani, ukihesabu sawa anaruka jani linalofuata, ukikosea anatumbukia chubwi! maji yanaruka hadi juu ya skrini anaibuka na majani kichwani anakohoa. Kuna mtoto wa kama miaka mitano alikosea kila swali dakika kumi nzima, mwenzangu akaandika kwenye daftari "kuhesabu bado". Akaja mtoto mwingine akamwambia hebu mvushe na mimi nione ng'ambo kuna nini, yule bwana mdogo akamvusha chura moja kwa moja, anahesabu kwa sauti, hakukosea hata jani moja. Kumbe muda wote alikuwa anakosea kwa makusudi! Tulikuwa tumemtengenezea kosa lenye burudani kuliko jibu. Tukafuta ile chubwi, sasa hivi chura akikosewa anabaki palepale anakuna kichwa, haichekeshi kabisa, na watoto wakaanza kuhesabu.

Kwahiyo pitieni kila kinachocheza kwenye apu yenu mjiulize kinamwita mtoto aangalie wapi. Utafiti wa vitabu vya hadithi vya kielektroniki (Bus, Takacs na Kegel walikusanya matokeo mengi pamoja mwaka 2015) unaonyesha kwamba animesheni inayoonyesha kilekile kinachosimuliwa inamsaidia mtoto kuelewa, ila vile vitu vya kugusa vya pembeni, ukigusa ua linaimba, ukigusa mlango anatoka paka asiyehusika na hadithi, vinamtoa kwenye hadithi. Mzazi akiona anasema "mwangalie alivyozama", kweli kazama, ila kazama kwa paka.

Halafu kuna hili ambalo naona wengi hawaliangalii, picha zenyewe. Mmejuaje kwamba mtoto anaiita hiyo picha kama mnavyoiita nyie? Mnachora bata ili afundishwe "ba", mtoto anaona ndege, neno lake linaanza na "nde" na sauti imesema "ba", anaiacha hiyo picha anagusa nyingine, anakosea, data inasema hajui "ba". Mnachora paa la nyumba, yeye anasema nyumba. Mnachora paa mnyama, yeye anasema swala, au mbuzi kabisa. Kabla picha haijaingia kwenye apu wapeni watoto kama kumi waitaje, bila kuwasaidia, picha ambayo hawaafikiani itupeni hata kama mchoraji atanuna.

Na la mwisho kwenu, naomba isiwe mmechukua muundo wa apu za Kiingereza mkabadilisha maneno tu. Kule mtoto anahangaika na herufi moja yenye sauti tatu nne, kwetu herufi zinasomeka kama zilivyoandikwa na mtoto anaunganisha silabi, ba be bi bo bu, akishazishika anasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Ugumu wetu uko kwingine, kwenye mb, nd, ny, ng na ng', kwenye m ya "mtu" inayosimama yenyewe, na kwenye urefu wa maneno, manake neno moja la Kiswahili linaweza kuwa sentensi nzima. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma kwenye skrini zinatofautiana alama moja ndogo ambayo fonti nyingi zinaichora kama uchafu wa kioo. Ikuzeni hiyo alama. Na sauti rekodini mtu halisi, hizi sauti za mashine bado zinakanyaga mkazo pasipo pake na mtoto anaiga vilevile alivyosikia.

*

Mwanangu wa miaka minne anashindwa kuburuta vitu kwenye tableti, anaanza vizuri afu kitu kinarudi kilipotoka, anakasirika anaitupa. Ni uzembe wake au programu mbaya? Mi ndo naifanyia muundo.
– Mbunifu na baba

Programu, kaka. Kuburuta kunamtaka mtoto agandamize kidole, asikinyanyue, asogeze, aangalie anakoenda, aachie penyewe, vyote kwa wakati mmoja, na vidole vyake vinaruka ruka. Kori Inkpen alishalichunguza suala hili kwa kipanya cha kompyuta na kulichapisha mwaka 2001, watoto walikuwa wepesi zaidi na walikosea kidogo zaidi wakibofya kitu kisha kubofya kinakokwenda kuliko wakiburuta. Mwekee njia zote mbili, aguse kitu kinyanyuke, aguse mahali kitue. Ukilazimika kuburuta, basi kikidondoka njiani kibaki hapohapo kimsubiri, kisirudi mwanzo, hicho kurudi ndo kinachomliza.

Halafu mwangalie anavyoishika hiyo tableti. Nakuhakikishia dole gumba la mkono wa pili limelala kwenye ukingo wa skrini, na programu inadhani anagusa vitu viwili. Ukingo usiwe na kitu cha kugusa kabisa. Kitufe cha kutoka usikiweke chini kona, huko ndo viganja vinapumzikia.

*

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa chekechea, kuna watu wameleta programu wanaijaribu darasani kwangu. Kila wakimaliza wanawauliza watoto "mmeipenda?" wote wanajibu "ndiyooo", wanaandika wamefurahi wanaondoka. Hii ni sahihi kweli?

Marahaba mwalimu. Sio sahihi na wewe umeshajua, ndo maana umeandika. Mtu mzima mgeni ameuliza, mwalimu wao amesimama pembeni, nani atasema hapana? Hata ukiwapa picha za nyuso ni vilevile, Janet Read na wenzake walitengeneza kipimo cha nyuso tano, kuanzia iliyonuna mpaka inayocheka, wakaona wadogo wengi wanakwenda moja kwa moja kwenye ile inayocheka, chochote utakachowaonyesha. Wakaongeza swali lingine ambalo mi nalipenda zaidi, ungependa kufanya tena? ndiyo, labda, hapana.

Ila na wewe mwalimu wafundishe hao wageni kitu kimoja. Waambie waweke programu yao mezani pamoja na vitu vingine ambavyo watoto wanapenda kuchezea, kisha wakae kimya, waangalie nani anairudia, na wamwangalie uso anapoitumia badala ya kumuuliza akishamaliza. Watengenezaji wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha televisheni kilichoanza mwaka 1969, walikuwa na mtafiti anaitwa Edward Palmer ambaye alimkalisha mtoto mbele ya televisheni na pembeni akaweka skrini nyingine inayobadilisha picha kila baada ya sekunde saba na nusu. Akawa anaandika tu, sasa hivi anaangalia kipindi, sasa hivi kageukia picha. Pale macho yalipohama wakajua hapo pamelegea, wakaenda kupashona. Hakuna mtoto aliyeulizwa kama amependa.

*

Mambo, nina mtoto wa miezi 11, nimeona apu imeandikwa "inakuza akili kuanzia miezi 6" na ina malipo ya kila mwezi. Ninunue?
– Mama mpya

Hapana dada, hela yako ibaki. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema chini ya mwaka mmoja skrini haipendekezwi kabisa, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo bora. Na kuhusu kujifunza, Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2003 walichukua watoto wa miezi tisa kutoka familia za Kiingereza, wengine wakasomewa na kuchezeshwa na mtu kwa Kichina cha Mandarin vipindi 12, wengine wakaonyeshwa watu haohao kwa video, wengine wakasikilizishwa sauti tu. Waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za Kichina, wa video na wa sauti hawakutoka na kitu. Mtu yuleyule, maneno yaleyale, kilichopungua ni mtu kuwepo.

Akifika miaka mitatu minne niandikie tena. Wakati huo nitakwambia utafute yenye vitu vinne ambavyo Kathy Hirsh-Pasek na wenzake walivitaja mwaka 2015: inamfanya mtoto afikiri na sio kugusa gusa tu, haimtoi kwenye jambo analolifanya, inagusa vitu anavyovijua maishani, na inamwachia nafasi ya kuongea na mtu. Hicho cha nne usingoje apu, kaa naye.

*

Nasoma shahada ya uzamili. Nilitengeneza programu ya hesabu kwa watoto wa miaka 5 na 6, nikawapa mtihani wa maswali 20 kabla, wakapata wastani wa 8, wakatumia wiki nane, nikawapa mtihani uleule wakapata 14. Msimamizi wangu anasema sijathibitisha chochote. Ananionea?

Hakuonei hata kidogo, anakuokoa kabla hujaokolewa na watahini mbele za watu.

Fikiria, wiki nane kwa mtoto wa miaka mitano ni muda mrefu, ungemwacha tu acheze nje angeongezeka. Na katika hizo wiki nane mwalimu wake alikuwa likizo? Alikuwa anafundisha kila siku. Halafu mtihani ni uleule, maswali mengine ameyakumbuka. Ongeza na wale waliochoka njiani wakaacha, nina hakika hukuwahesabu mwishoni, na mara nyingi wanaoacha ndo waliokuwa wanaona ngumu, kwahiyo wastani umepanda hata kama hakuna aliyejifunza. Katika hizo pointi sita zako, programu ina ngapi? Mimi sijui na wewe hujui, ndo anachosema msimamizi.

Unahitaji kundi la kulinganisha, na sio kundi lisilopewa kitu. Wape nao tableti, muda uleule, ila uwawekee programu ya kuchora, la sivyo utakuwa unapima ugeni wa tableti na furaha ya kutoka darasani. Nani aingie kundi gani ipigwe kura, usichague wewe wala mwalimu, mwalimu atakupa watoto watulivu kwenye programu yako, atafanya hivyo kwa upendo kabisa. Kama watoto wako darasa moja na wanachungulia za wenzao bora upige kura kwa madarasa mazima, ila hapo utahitaji madarasa mengi, madarasa mawili hayatoshi manake huwezi kutenganisha programu na mwalimu. Mtihani wa mwisho uwe na maswali tofauti ya ugumu uleule, ufanyike kwa karatasi au kwa vijiti mezani, na anayepima asijue mtoto katoka kundi gani. Rudi tena baada ya wiki kadhaa upime kilichobaki.

Kuhusu kupima nje ya skrini usilegeze. Nimeona mtoto anayejua kabisa kuweka matufaha matano kwenye kikapu cha kwenye tableti, nikamwekea vifuniko mezani nikamwambia nipe vitano akanipa vyote. Kwenye apu kikapu kilikuwa kinajifunga chenyewe kikifika tano! Alichojifunza ni kuweka mpaka kikapu kigome.

Kama unataka mfano mkubwa, angalia mashindano ya Global Learning XPRIZE. Timu zilitengeneza programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na hesabu, zikapelekwa vijijini mkoani Tanga, Tanzania, miezi 15, watoto karibu 3,000 wakapimwa kabla na baada, na mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion wakagawana dola milioni 10. Programu zilizofika fainali ziliwekwa wazi kwa yeyote, kwahiyo unaweza kuzifungua uone wamefanyaje.

Na ruhusa. Mzazi asaini, sawa, lakini na mtoto aulizwe kwa lugha yake, na akigeuza mgongo katikati ya kipindi ameshakujibu, usimbembeleze kwa pipi ili sampuli yako itimie.

*

Nyota na sarafu kwenye apu ni mbaya?

Inategemea zinatolewa kwa nini. Lepper, Greene na Nisbett mwaka 1973 waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe, wengine wakaahidiwa cheti wakichora, wengine wakapewa cheti kwa kushtukizwa, wengine hawakupewa. Baada ya wiki moja mbili wale walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Kuchora kulishageuka kibarua. Kwahiyo sarafu kwa kila mguso ondoa. Ukitaka zawadi, iwe sehemu ya kitu chenyewe, akisoma neno "fungua" mlango ufunguke.

*

Nina wazo zuri la programu ya watoto ila sijui kuandika programu na hela ya kumlipa developa sina. Naanzia wapi?

Anzia kwenye karatasi, na hata ungekuwa na hela ningekwambia hivyohivyo. Kata boksi liwe fremu ya tableti, chora kila skrini kwenye karatasi yake, vitu vya kusogezwa vikate kwa mkasi. Mtoto anagusa, wewe ndo kompyuta, unabadilisha karatasi na kutoa sauti. Watoto hawajali kabisa, wengine wanakuambia "subiri inalodi". Allison Druin, ambaye ameandika sana kuhusu kubuni pamoja na watoto, anatofautisha mtoto mtumiaji, mjaribuji, mtoa maoni na mbunifu mwenza, na karatasi ndo inakufikisha kwa huyo wa mwisho, kwa sababu akiona kitu hakimpendezi anachukua penseli anachora chake juu ya chako. Skrini iliyokamilika hathubutu kuichora.

Fanya na watoto watano, mmoja mmoja, usimweleze cha kufanya, ung'ate ulimi kabisa. Kila mkono wake unaposimama hewani weka alama kwenye karatasi hiyo, halafu niandikie alama zimerundikana wapi.